Seti ya tatu isiyo na mshindi: Sinner, Dimitrov na mikataba ya seti

Jumatatu ya 7 Julai 2025, kwenye Centre Court ya Wimbledon, Grigor Dimitrov wa Bulgaria alikuwa anamshinda Jannik Sinner, mchezaji namba 1 wa dunia, na alikuwa anamshinda waziwazi. Seti ya kwanza aliichukua 6-3, ya pili 7-5. Katika seti ya tatu alisawazisha 2-2 kwa servisi ambayo Sinner hakuigusa. Papo hapo akaanguka kwenye nyasi, mkono umeshika kifua upande wa kulia. Msuli wa kifua ulikuwa umechanika. Baada ya kutibiwa kwa muda mfupi alijiondoa huku machozi yakimtoka, na Sinner akaenda robo fainali.

Ubao wa matokeo ulibaki na kitu cha ajabu: 6-3, 7-5, 2-2 kwa upande wa Dimitrov, na mshindi wa mechi ni Sinner, ambaye siku hiyo hakushinda seti hata moja.

Kwa mtazamaji wa kawaida hiyo ni huzuni ya michezo. Kwa anayenunua na kuuza mikataba ya seti mojamoja, yaani ya kutabiri nani atashinda seti fulani, ni kisa cha kusoma mstari kwa mstari. Siku hiyo mikataba ambayo watu wengi huichukulia kuwa vipande vya kitu kimoja ilienda njia tatu tofauti. Mkataba wa seti ya kwanza ulimlipa aliyemshika Dimitrov, na wa seti ya pili vivyo hivyo. Mkataba wa mechi ulimlipa aliyemshika Sinner. Wa seti ya tatu haukuwa na jibu uwanjani hata kidogo; jibu lake lilikuwa kwenye maandishi ya masharti.

Nieleze kwanza namna soko lenyewe linavyokwenda. Katika soko la utabiri, mkataba wa “Sinner atashinda seti ya 3” hulipa dola 1 likitimia na sifuri lisipotimia. Bei yake husogea kati ya senti 1 na 99, na husomwa kama uwezekano: senti 65 maana yake soko linaona nafasi ya takriban 65 kwa 100. Anayekukabili si mwenye kampuni ya kamari. Upande wa pili yupo mtu mwingine, au programu ya mtu mwingine, aliyekubali bei hiyo. Unaweza kuuza kabla seti haijaisha, na kwa kweli wengi hufanya hivyo. Betfair ilianza biashara ya watu kupeana bei wao kwa wao huko Uingereza mwaka 2000. Kalshi, iliyo chini ya tume ya Marekani ya masoko ya bidhaa za baadaye, ilianza kuweka mikataba ya michezo Januari 2025, miezi michache tu kabla ya mechi hii.

Turudi kwenye mapumziko baada ya seti ya pili. Paa la Centre Court lilikuwa linafungwa kwa sababu giza lilikuwa linaingia, mchezo umesimama. Hapo mfanyabiashara wa seti ana muda wa kupiga hesabu, na hesabu ambayo wengi huifanya ni hii: Sinner akihitaji seti tatu mfululizo ili ashinde, basi bei yake ya mechi ni uwezekano wa seti moja uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kama unaamini ana nafasi ya 0.65 katika kila seti, bei ya mechi inatakiwa iwe 0.65 × 0.65 × 0.65, yaani karibu senti 27. (Namba hizi nazitumia kuonyesha njia, si bei zilizoandikwa sokoni siku ile.) Kinyume chake pia hufanywa, na ndiko hatari inakoanzia: unaangalia bei ya mechi, unatafuta kipeuo chake cha tatu (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu inarudisha bei hiyo), kisha unaitumia namba hiyo kuamua kama mkataba wa seti ya tatu ni rahisi au ghali.

Njia hii inaficha kitu. Bei ya mechi ya Sinner ina njia mbili za kulipa: ashinde seti tatu, au mpinzani wake aondoke. Bei ya seti ya tatu ina njia moja tu, isipokuwa masharti yamesema vinginevyo.

Na nafasi ya Dimitrov kuondoka haikuwa ndogo. Hili lilijulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Wimbledon 2024 alijiondoa dhidi ya Daniil Medvedev akiwa nyuma 5-3 katika seti ya kwanza. US Open mwaka huohuo alijiondoa dhidi ya Frances Tiafoe katika seti ya nne. Australian Open 2025 aliondoka raundi ya kwanza dhidi ya Francesco Passaro katika seti ya pili. Roland Garros 2025, kule Paris, aliondoka tena raundi ya kwanza, mbele ya Ethan Quinn, akiwa anaongoza seti mbili kwa moja. Ukihesabu mechi zake zote za Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa ya tenisi, kuanzia Wimbledon 2024 hadi asubuhi ya siku ile ya kumkabili Sinner, ni 14, na nne kati ya hizo ziliishia kwa yeye kutoka. Sampuli ni ndogo, na mwili wa mwanadamu haufuati wastani. Hata hivyo, mtu anayeweka nafasi ya kujiondoa kuwa sifuri kwa mchezaji mwenye rekodi hiyo anachagua kutoitazama.

Tuseme tuna tahadhari na tunaweka nafasi ya 8 kwa 100 kwamba Dimitrov hatamaliza mechi. Bei halali ya Sinner kwa mechi inakuwa 0.92 × 0.27 pamoja na 0.08, karibu senti 33. Anayechukua senti hizo 33 na kutafuta kipeuo cha tatu anapata takriban 0.69. Atasema: “Soko la mechi linanionyesha Sinner ana 69 katika seti, na mkataba wa seti ya tatu unauzwa 66. Ni rahisi, nanunua.” Kumbe nguvu ya Sinner katika seti inayokamilika ni ileile 65. Senti nne alizoziona zimetoka kwenye jeraha ambalo bado halijatokea, na jeraha hilo halilipi mkataba anaoununua. Amenunua kitu kwa kupimia bei ya kitu kingine.

Naliona kosa hili kuwa baya kuliko kukosea nani atashinda, kwa sababu linajirudia. Kila mchezaji mwenye goti au bega linalojulikana kuwa bovu huleta tofauti hiyohiyo kati ya bei ya mechi na bei za seti, na kila mara anayetumia kipeuo cha tatu bila kuondoa nafasi ya kujiondoa hulipa ziada upande uleule.

Siku ile kulikuwa na kivuli kingine. Sinner aliteleza na kuangukia kiwiko cha kulia katika gemu ya kwanza kabisa, akatibiwa baadaye wakati mchezo unaendelea. Anayefuatilia mechi kwa macho alikuwa na sababu nzuri ya kufikiri kwamba kama kuna atakayeondoka, ni Sinner. Kiwiko kilikuwa kwenye picha ya televisheni. Rekodi ya Dimitrov ilikuwa kwenye kumbukumbu. Hatari inayoonekana hupewa uzito kuliko iliyoandikwa, na bila shaka anayeweka hatari ya Sinner kwenye hesabu yake atapata namba tofauti na zangu. Nimeiacha nje ili njia ionekane vizuri.

Sasa sehemu inayowaumiza hata wenye uzoefu: kujikinga.

Dimitrov akiwa mbele seti mbili kwa bila, kuna uhusiano unaoonekana kuwa wa chuma. Akishinda seti ya tatu, mechi imeisha na ameshinda. Kwa hiyo aliyenunua “Sinner seti ya 3” anaweza kujikinga kwa kununua “Dimitrov mechi”: Sinner akipoteza seti, mkataba wa pili unalipa dola, Sinner akishinda seti, wa kwanza unalipa, na wa pili bado uko hai kwa seti ya nne na ya tano. Kwenye karatasi, jozi hiyo haiwezi kulipa chini ya dola 1, na mara nyingine hulipa 2. Kwa bei za mfano wetu bila jeraha, ingegharimu senti 65 na senti 73, jumla dola 1 na senti 38, na wastani wa malipo yake ni huohuo. Hakuna faida ya bure, ila kuna sakafu, na sakafu ndiyo inayowavutia watu kuweka kiasi kikubwa.

Saa ile Dimitrov alipoondoka, sakafu haikuwepo. Mkataba wa mechi ulikwenda sifuri. Mkataba wa seti ya tatu ulirudi kwenye masharti: kama masharti yanasema fedha zirudishwe, mfanyabiashara anapata senti 65 zake na kupoteza 73 zote. Kinga ndiyo iliyomla, na kile alichokuwa anakikinga kikafutwa. Aliyefanya kinyume, yaani kununua “Dimitrov seti ya 3” na kuikinga kwa “Sinner mechi”, alirudishiwa senti za seti na kulipwa dola nzima ya mechi. Watu wawili wenye mawazo yaliyopangwa vizuri, kila mmoja akiamini hana mwelekeo, mmoja amefilisika kiasi na mwenzake ameokota. Wote wawili walikuwa wameshika dau la tatu bila kuliona: dau juu ya mechi kufika mwisho.

Kwa hiyo masharti. Nimeona njia kadhaa za kushughulikia seti isiyokamilika, na zinatofautiana kuliko msomaji anavyodhani.

Njia ya kwanza ni ya kampuni za kamari za siku zote: seti haikuisha, dau limebatilishwa, chukua fedha yako. Kwa kampuni ni rahisi, kwa sababu kila dau lina pande mbili tu na fedha bado ziko palepale. Sokoni mkataba mmoja unaweza kupita mikono mingi. Chukua mtu aliyenunua “Sinner seti ya 3” kwa senti 60, akauza kwa 68 Sinner aliposhika servisi yake (aliposhinda gemu aliyokuwa anaservia), akaenda zake na faida ya senti 8. Kubatilisha kila biashara kunamaanisha kumnyang’anya faida aliyokwisha kuipata, ingawa hakuwa na mkataba wowote mkononi jeraha lilipotokea. Kutobatilisha kunamaanisha lazima ipatikane bei ya kufungia kwa wale walioshika mkataba dakika ile.

Njia ya pili ni nusu kwa nusu: kila upande unapata senti 50. Inaonekana ya haki kwa sababu namba ni nzuri. Siipendi. Aliyenunua Sinner kwa 65 anapoteza 15, aliyemnunua Dimitrov kwa 35 anapata 15, na sababu pekee ni kwamba mmoja wao alikuwa upande wenye nguvu. Kanuni hii hupandisha thamani ya mnyonge katika kila mkataba wa seti. Na ina tabia mbaya zaidi: mchezaji akianza kuchechemea, bei ya seti hukimbilia 50 bila kujali ubao unasema nini, kwa sababu wote wanajua ndiko itakakofungwa. Mchezaji anayeongoza seti 5-1 akiumia kifundo, mkataba wake uliokuwa 97 unaporomoka hadi 50 kwa maumivu ya mtu anayeshinda.

Njia ya tatu humpa seti anayesonga mbele. Ni safi, haina ubishi, na inaufanya mkataba wa seti ubebe hatari ya jeraha kama ule wa mechi. Kama hiyo ndiyo kanuni, hesabu ya kipeuo cha tatu bado ina kosa, ila dogo, kwa kuwa sehemu tu ya hatari ya jeraha imo ndani ya seti ya tatu.

Njia ya nne ni kufunga kwa bei ya haki ya mwisho kabla ya tukio. Kwa nadharia ndiyo bora. Kwa vitendo inauliza: ya mwisho lini? Hapo Wimbledon jeraha halikuingia kwenye ubao. Servisi ilihesabiwa, 2-2 ikaandikwa, na 2-2 ikabaki pale muda wote Dimitrov akiwa chini, akitibiwa, akiondoka uwanjani. Bei ya mechi katika dakika kama hizo huporomoka wakati ubao haujasogea hata pointi moja.

Hili la ubao linastahili kukaziwa, maana ndipo fedha nyingi hubadilisha mikono kwa sekunde chache. Mwamuzi huingiza kila pointi kwenye kifaa chake, taarifa zinakwenda kwa wanunuzi wa takwimu, na programu za watengeneza soko, wanaotoa bei za kununua na kuuza muda wote, zinapanga bei upya. Programu inayosoma pointi tu iliiona hali nzuri kabisa kwa Dimitrov: anaongoza seti mbili, ameshika servisi kwa pointi safi, 2-2. Ingeendelea kutoa oda (ombi la biashara kwa bei maalumu) ya kumnunua Dimitrov kwa bei ya mtu mzima wa afya. Aliyekaa uwanjani, au mwenye picha isiyochelewa, alikuwa na nafasi ya kuziuzia oda hizo mikataba ya mchezaji aliyelala chini. Picha ya kawaida ya televisheni au ya mtandao huchelewa kwa sekunde kadhaa, na sekunde kadhaa zinatosha. Oda iliyolala sokoni bila mtu kuiangalia ni zawadi kwa anayeona kwanza. Katika mikataba ya seti, ambako wanunuzi ni wachache kuliko mkataba wa mechi, zawadi hiyo huchukuliwa yote kwa mara moja.

Tukirudi kwenye tofauti za masharti, zina ukubwa gani kwa fedha? Tuseme nafasi ya Dimitrov kuondoka ndani ya seti ya tatu pekee ni 4 kwa 100, na Sinner ni 65 seti ikikamilika. Kwa kanuni ya kurudisha fedha, bei halali ni 65. Kwa nusu kwa nusu ni 64.4. Kwa kumpa anayesonga mbele ni 66.4. Senti mbili kati ya chini na juu. Ni kidogo? Ada ya Kalshi imekuwa ikikokotolewa kwa 0.07 × p × (1 − p) kwa kila mkataba unaonunuliwa kwa bei iliyopo, p ikiwa bei hiyo kwa dola. Kwa senti 65 hiyo ni karibu senti 1.6. Anayebishania senti moja ya ubora wa servisi huku hajasoma sharti lenye thamani ya senti mbili amepanga kazi yake kichwa chini.

Yapo pia mambo yanayopita hesabu. Agosti 2007 huko Sopot, Poland, Nikolay Davydenko alishinda seti ya kwanza dhidi ya Martín Vassallo Argüello, akapoteza ya pili, akajiondoa katika ya tatu. Fedha nyingi isivyo kawaida zilikuwa zimemiminika upande wa Vassallo Argüello kwenye Betfair, hata baada ya Davydenko kuchukua seti ya kwanza, na Betfair ikabatilisha madau yote ya mechi ile. Uchunguzi wa ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, haukupata ushahidi dhidi ya wachezaji na wote wawili walisafishwa mwaka 2008. Nakitaja kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jinsi kujiondoa kunavyoliacha soko bila ardhi chini ya miguu: jeraha ni jambo la kweli na la kuhurumiwa, na wakati huohuo ndilo tukio ambalo watu wachache sana hulijua kabla ya wengine. Daktari wa timu, kocha, mpinzani wa mazoezi. Wachezaji na watu wao wamekatazwa kabisa kuweka fedha kwenye tenisi, na shirika la kusimamia uadilifu wa mchezo huu, ITIA, huwafungia wanaokiuka. Mkataba wa seti una jaribu lake la pekee, kwani seti moja inaweza kuachiwa bila kuiachia mechi. Katika mashindano madogo, ambako zawadi haitoshi hata nauli, naona mikataba ya seti isingepaswa kuwepo kabisa.

Centre Court hakukuwa na shaka ya namna hiyo. Msuli ulichanika mbele ya watu wote, na Dimitrov hakucheza tena US Open ya mwaka ule.

Kwa majukwaa yenyewe, nadhani kisa hiki kinadai maandishi machache yaliyo wazi katika kila mkataba wa seti, yawekwe juu, karibu na bei, badala ya kuzikwa kwenye ukurasa wa masharti. Seti ikianza na isiishe, nani analipwa na kiasi gani. Seti isipoanza kabisa, kama ile ya nne kati ya Dimitrov na Quinn kule Paris, je, ni kanuni hiyohiyo au nyingine. Na kama ni bei ya mwisho ya haki, basi isiwe biashara ya mwisho kabla ya tangazo la mwamuzi, ambayo mtu mmoja mwenye oda kubwa anaweza kuivuta atakavyo; iwe wastani wa bei za kununua na kuuza katika gemu iliyokamilika mwisho kabla mchezaji hajaita tabibu. Kwa Sinner na Dimitrov hiyo ingekuwa gemu ya nne ya seti ya tatu, wote wawili bado wamesimama.